Pete Mbili na Shaba

Sonara afanyaye mkufu ana siri moja ndogo ambayo kila mtu huiona na wachache huifikiri. Hapana pete iingiayo ndani ya pete nyingine ikiwa zote mbili zimekwisha kufungwa. Kwa hiyo sonara huiacha pete ya pili wazi, akaipitisha ndani ya ile ya kwanza, kisha akaziba mdomo wake kwa moto na lehemu. Tangu saa hiyo pete hizo hazina gundi baina yao, wala hazikuchomewa pamoja, walakini haziachani. Atakaye kuzitenga hana budi kuvunja moja. Kazi hii ni nyepesi kwa sonara kwa sababu tatu: ana macho ya kuiona pete, ana koleo la kuishika, na ana mkono wa kuipitisha. Mtu akinyang'anywa vitatu hivyo, akaambiwa afanye mkufu vilevile, atafanyaje?

Swali hili liliwakabili wanakemia wa karne ya 20. Pete zao zilikuwa molekuli, na upana wa pete ya namna hiyo hauzidi vipande vichache vya milimita iliyogawanywa mara milioni. Hapana koleo la kuishika moja. Tena molekuli haitulii. Ndani ya kimiminiko husukumwa na kugongwa na jirani zake bila ya kukoma, ikajikunja na kujikunjua kama uzi katika mto wenye mkondo mkali. Inasimuliwa kwamba Richard Willstätter, bingwa wa kemia wa Ujerumani, alipokuwa akifundisha Zürich mwanzoni mwa karne hiyo, alipata kulizungumza wazo la pete mbili za molekuli zilizopitana. Likawa mazungumzo ya darasani. Karatasi ilikubali mchoro wa pete hizo, lakini chupa ya maabara haikuukubali kwa miaka mingi.

Mtu wa kwanza kutoa habari za kuaminika kwamba ameifanya kazi hiyo alikuwa Edel Wasserman, wa maabara za Bell Telephone nchini Marekani, katika mwaka wa 1960. Njia yake ilikuwa ya kumtegemea nasibu. Alichukua pete zilizokwisha kufungwa, kila moja ina atomu 34 za kaboni, akazichanganya na nyuzi za urefu kama huo ambazo ncha zake mbili ziliweza kukutanishwa na kuunganishwa. Nyuzi zilipokuwa zikijifunga kuwa pete, aliweka tumaini lake katika jambo moja: kwamba baadhi yake, katika kutangatanga kwake, zitakuwa zimepenya ndani ya pete nyingine saa ile ile ya kufungwa. Ni kama mtu aliyetia pete na nyuzi katika kapu moja gizani, akalitikisa kapu, akafunga fundo kila uzi aliougusa, kisha akatafuta kama pana uzi uliofungwa ukiwa ndani ya pete. Alichokipata kilikuwa haba mno, chini au karibu ya sehemu moja katika mia. Jina la zao hili lilitokana na neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo, likaitwa katenani.

Katika habari ya Wasserman, uchache wa mavuno haukuwa ndio mgumu kuliko yote. Ugumu ulikuwa katika ushahidi. Atasemaje mtu kwamba pete mbili zimepitana, ilhali hapana muungano wowote wa atomu baina yake, wala hapana jicho la kuziona? Wasserman alikuwa ametangulia kuziwekea pete zake za kwanza alama, yaani alitia ndani yake haidrojeni nzito ambayo huonekana kwa nuru isiyoonekana kwa macho. Alipokwisha kuondoa pete zote zilizokuwa huru, alikuta kwamba ile sehemu iliyobaki, ambayo kwa haki ingekuwa na pete mpya tu, bado ilionyesha ile alama. Kisha akafanya tendo la ukatili kidogo: akazikata pete mpya kwa dawa. Pete za alama zikatoka, zikawa huru. Basi kufungamana kulithibitishwa kwa kuvunja. Aliyetaka kuwaonyesha watu mkufu hakuwa na njia nyingine ila kuukata mbele yao. Ni ushahidi wa kweli, lakini ni ushahidi wa gharama. Na mtu aliye na mali kidogo hivyo huona uchungu kuitumia yote kwa kuthibitisha kwamba alikuwa nayo.

Wengine hawakuridhika kumtegemea nasibu. Huko Freiburg, Ujerumani, Arthur Lüttringhaus na wenzake walikuwa wamejaribu mapema zaidi, katika mwaka wa 1958, kuiongoza nyuzi ipite ndani ya pete ya sukari iitwayo saiklodekstrini, ambayo tundu lake hupenda kupokea vitu visivyopatana na maji. Uzi uliingia, lakini kuufunga kukawashinda. Mwaka wa 1964 Lüttringhaus na Gottfried Schill walishinda kwa njia nyingine. Waliziunga kwanza sehemu za pete mbili kwa viungo vya kikemia vilivyozilazimisha kukaa mahali pake, wakafunga walichotaka kufunga, kisha wakavikata vile viungo. Ilikuwa kazi ya akili kubwa na hatua nyingi, na kila hatua ilikula sehemu ya mali. Katika mwaka wa 1967 Ian na Shuyen Harrison walifanya ndugu wa katenani, ambaye leo huitwa rotaksani: pete moja iliyovikwa katika mhimili, na mhimili wenyewe una vizibo vikubwa ncha zote mbili, mithili ya ushanga uliotungwa katika uzi wenye mafundo huku na huku. Walizishikiza pete zao katika chembe za utomvu wa kutengenezwa, wakazipitishia nyuzi na vizibo mara 70. Baada ya mara 70 walipata sehemu 6 katika mia. Mithali husema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Mithali ni kweli, lakini haisemi ni watu wangapi huacha kutia kabla kibaba hakijajaa. Wanakemia wengi waliacha. Kwa muda wa karibu miaka ishirini pete zilizopitana zilihesabiwa kuwa ajabu ya kutazamwa, si fani ya kufanyiwa kazi.

Kiswahili kina neno zuri kwa kile kilichokosekana. Fundi atakaye kukata vipande vingi vya sura moja hufanya kwanza kimoja cha mfano, akakiweka juu ya ubao au nguo, akaufuata ukingo wake. Kipande hicho ni kiolezo. Kiolezo hakikati wala hakishoni. Kazi yake ni kuusaidia mkono wa fundi usipotee. Wanakemia walipolitafuta neno kwa jambo lao walichagua lenye maana kama hiyo, lakini msomaji hana budi kuangalia tofauti. Kiolezo cha fundi hufanana na kitu kinachotoka kwacho. Kiolezo cha wanakemia hakifanani na pete hata kidogo. Kwake yeye kuongoza ni kuweka: hukusanya vitu viwili, huvishika katika pembe inayopasa, na huvizuia visiondoke mpaka vifungwe. Katika kapu la gizani, kiolezo ni kile kinachoushika uzi ndani ya pete wakati fundi anapapasa kutafuta ncha.

Kiolezo hicho kilipatikana Strasbourg, Ufaransa, nacho kilikuwa shaba. Jean-Pierre Sauvage, aliyezaliwa mwaka wa 1944, alikuwa mwanafunzi wa Jean-Marie Lehn, mmoja wa waanzilishi wa kemia ya molekuli zinazoshikana bila ya kuungana. Sauvage mwenyewe hakuanza na mikufu. Alikuwa akishughulika na nuru, kwa tamaa ya kuutumia mwanga wa jua katika kuyapasua maji yatoe haidrojeni, na katika kazi hiyo alichunguza michanganyiko ya shaba na molekuli iitwayo fenanthrolini. Fenanthrolini ina atomu mbili za naitrojeni zinazoelekea upande mmoja kama meno mawili ya koleo. Ioni ya shaba yenye chaji moja hupenda kushikwa na naitrojeni nne. Kwa hiyo fenanthrolini mbili huja, moja upande huu na moja upande wa pili, zikaikamata ioni moja. Na kwa tabia ya shaba hiyo hazilali sambamba, bali hupishana kwa pembe kama njia mbili zinazokatana. Picha ya kiumbe hiki ilikuwa imekuwako katika vitabu vya kemia. Waliotazama waliona mchanganyiko wa shaba. Sauvage aliona pete mbili ambazo zilikuwa zikingoja kufungwa.

Katika mwaka wa 1983 yeye pamoja na Christiane Dietrich-Buchecker na Jean-Pierre Kintzinger walitangaza walichokifanya. Walianza na pete moja iliyofungwa, ambayo ndani ya ukingo wake mlikuwa na fenanthrolini. Wakaleta fenanthrolini ya pili ambayo ilikuwa bado uzi. Wakatia shaba. Shaba ikaivuta ile ya pili ikapenya ndani ya pete ya kwanza, maana hapakuwa na njia nyingine ya kuipa ioni naitrojeni zake nne. Hapo ncha za uzi zilikuwa zimetokeza nje upande mmoja, zimetulia, zinafikika. Ikabaki kuziunganisha ncha hizo kwa mnyororo mwingine. Pete ya pili ilipofungwa, ilifungwa ikiwa imekwisha kupita. Walivuna sehemu 42 katika mia. Kutoka sehemu moja mpaka 42 si tofauti ya hesabu peke yake. Mtu mwenye sehemu moja ana ajabu katika chupa. Mwenye sehemu 42 ana mali, naye aweza kuithubutisha, kuigawa, kuiharibu na kuifanya tena bila ya uchungu wa Wasserman.

Kisha lilifuata tendo ambalo ndilo lenye maana kuliko yote katika habari hii. Shaba iliondolewa. Walitia sayanaidi, sumu ambayo jina lake peke yake huwaogopesha watu, na sayanaidi hupenda shaba kupita fenanthrolini ziipendavyo. Shaba ikachukuliwa, rangi nyekundu iliyoiva ikafifia, na pete mbili zikabaki. Zilipokuwa na shaba, fenanthrolini zake zilikabiliana katikati. Shaba ilipotoka, pete zilizunguka na fenanthrolini zikatengana. Lakini pete hazikuachana. Kilichozikutanisha kimeondoka, na kukutana kumebaki.

Mswahili akisikia habari hii humkumbuka mshenga. Mshenga huenda na kurudi baina ya nyumba mbili, huchukua maneno, hupatanisha pande, na ndoa ikifungwa yeye hutoka. Mfano huu unavutia, na kwa sababu unavutia yafaa uangaliwe sana. Mshenga anajua afanyacho, shaba haijui. Mshenga hutoka kwa hiari yake, na aghalabu hushukuriwa. Shaba hutolewa kwa sumu. Na kuna jambo la tatu ambalo wanakemia wa Strasbourg walilipima: shaba iliyo ndani ya pete zilizopitana ni ngumu kutolewa kuliko shaba iliyoshikwa na fenanthrolini mbili zilizo nyuzi tu. Nyuzi huweza kujikunjua na kwenda zake. Pete zilizofungamana haziwezi kwenda, kwa hiyo humng'ang'ania yule aliyezifunga. Hapana mshenga aliyepata taabu hiyo. Ubora wa mfano ni kumfikisha mtu mlangoni. Akiwa amekwisha kuingia, yampasa autazame ukweli wenyewe.

Lugha ina msaada mwingine ulio bora kuliko mfano wa mshenga. Atomu zikiungana ndani ya molekuli, walimu wengi wa sayansi husema kwamba pana kifungo baina yake. Neno hili limebeba maana nyingi: kifungo cha shati, kifungo cha ahadi, na kifungo cha gereza. Mwanafunzi aweza kudhani kwamba wingi huo wa maana ni upungufu. Katika jambo la pete zilizopitana ni utajiri. Mfungwa hakugandishwa katika ukuta wa chumba chake. Baina yake na ukuta hapana gundi, wala pengine haugusi mchana kutwa. Aweza kusimama, kuketi, kugeuka, na kutembea hatua tatu kwenda na tatu kurudi. Walakini hatoki. Kifungo chake si mvuto, ni umbo la mahali. Hicho ndicho wanakemia wanachokiita kifungo cha kimakanika. Katika kifungo cha kawaida cha kemia atomu hushirikiana elektroni, na kukivunja ni kuvunja ushirika huo. Katika kifungo cha pete hapana ushirika wa kuvunja, ila kuta za pete yenyewe. Na kwa kuwa kilichofungwa kina nafasi ya kutembea, kifungo hiki kimezaa mwendo. Mtu aliyetafuta kufunga vitu viwili alijikuta amepata kitu kinachotembea.

Kiolezo cha shaba hakikubaki peke yake kwa muda mrefu. Fraser Stoddart, Mskoti aliyezaliwa mwaka wa 1942 na kukulia shambani, alikuwa Sheffield, Uingereza, alipotoa katenani yake katika mwaka wa 1989. Yeye hakutumia shaba. Alikuwa na pete iliyojaa elektroni na sehemu nyingine zilizo na upungufu wa elektroni, nazo zilivutana zenyewe. Sehemu yenye upungufu iliingia ndani ya pete yenye wingi, ikajifunga humo, na mavuno yakafika 70 katika mia. Hapa pana tofauti ambayo haipasi kupuuzwa. Shaba ya Strasbourg ilikuwa mgeni aliyekuja na kuondoka. Mvuto wa Sheffield ulikuwa tabia ya pete zenyewe, na baada ya kazi haukuwa na pa kwenda, ulibaki ndani. Katika mwaka wa 1991 Stoddart na wenzake waliutumia mvuto huo katika rotaksani yenye vituo viwili juu ya mhimili mmoja. Pete ilikaa katika kituo cha kwanza, ikahamia cha pili, ikarudi, kiasi cha mara 500 katika sekunde moja, kwa joto la kawaida la chumba. Huko Strasbourg, katika mwaka wa 1994, shaba ile ile ilitumiwa kwa kazi mpya. Ilipoondolewa elektroni moja ilitaka kushikwa na naitrojeni tano badala ya nne, na pete ikalazimika kuzunguka ili kuipa. Ilipokwisha kurudishiwa elektroni yake, pete ilirudi. Kiolezo kilikuwa kimegeuka kuwa usukani.

Njia ya tatu ilitoka Edinburgh. Katika mwaka wa 2006 David Leigh na wenzake walionyesha shaba inayofanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Shaba yao ilikaa ndani ya pete, ikazivuta nusu mbili za mhimili, moja huku na moja huku, na papo hapo, katikati ya tundu, ikachochea muungano wa nusu hizo. Kiolezo cha kwanza kilishika tu na kumwachia mwingine kufunga. Hiki kilishika na kufunga. Na kwa kuwa kichocheo hakitumiki katika kazi yake, ioni moja iliweza kumaliza pete moja ikaenda katika nyingine. Basi katika muda wa miaka 23 kiolezo kilipata tabia tatu: cha kwanza huondoka, cha pili hubaki, cha tatu huzunguka kutoka kazi hadi kazi. Mwanafunzi atakaye kuielewa fani hii asianze kwa kukariri majina ya molekuli, ambayo ni marefu na mazito. Na aulize kila mara: ni nini kilichoshika, na baada ya kushika kilikwenda wapi?

Katika Oktoba 2016 Sauvage, Stoddart na Mholanzi Ben Feringa walitangazwa kuwa washindi wa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi yao ya mashine za molekuli. Feringa alikuwa amefanya mota kwa njia isiyohitaji pete zilizopitana. Wale wawili walisimama juu ya pete. Stoddart alifariki mwishoni mwa mwaka wa 2024. Watu waliuliza, na wana haki ya kuuliza, mashine hizi zinafaa nini. Jibu la uaminifu halina fahari nyingi. Katika mwaka wa 2013 kundi la Leigh lilitoa rotaksani ambayo pete yake hutembea juu ya mhimili, ikaokota asidi za amino zilizopangwa njiani, ikaziunga kwa utaratibu mmoja baada ya mwingine. Iliunga tatu, na kazi ilichukua muda wa saa nyingi. Ribosomu ndani ya seli ya bakteria huunga zaidi ya kumi katika sekunde moja. Anayelinganisha hivyo aweza kucheka. Lakini cheko lake litakuwa fupi akikumbuka kwamba miaka thelathini kabla ya hapo hapakuwa na mtu aliyeweza kuitia pete katika uzi bila ya kubahatisha au kutaabika mno.

Kuna ulinganisho mwingine wenye uzito zaidi, nao unaigusa Afrika ya Mashariki kwa karibu. Wanadamu hawakuwa wa kwanza kufanya pete za molekuli zilizopitana. Katika mwaka wa 1967 Jerome Vinograd na wenzake wa California waliona kwamba DNA ya mitokondria katika seli za binadamu hupatikana pengine ikiwa pete mbili zilizopitana kama za mkufu. Na yuko kiumbe aliyekwenda mbali kuliko wote. Ni kimelea kiitwacho tripanosoma, kinachoenezwa na mbung'o, kinacholeta malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. David Bruce na wenzake walikihusisha na malale nchini Uganda katika mwaka wa 1903, wakati ugonjwa ulipokuwa ukiyafagia makazi ya kando ya ziwa Victoria. Watu zaidi ya 200,000 walikufa katika miaka ile. Ndani ya kimelea hicho, katika mitokondria yake moja, mna pete za DNA zipatazo elfu tano ndogo na makumi kadha kubwa, na zote zimepitana, kila moja na jirani zake, zikafanya kitambaa kimoja kama vazi la chuma la askari wa zamani.

Kimelea hiki hufanyaje mkufu wa pete elfu tano? Hakina shaba ya Strasbourg. Kina protini ziitwazo topoisomerasi, nazo hufanya kama afanyavyo sonara: huishika pete, huikata, huipitisha nyingine katika mwanya, na huuziba mwanya palepale. Wakati wa kuzaana, pete ndogo hutolewa katika kitambaa moja moja, hunakiliwa, na nakala hurudishwa na kutungwa pembeni. Mwanakemia alitafuta kiolezo kwa sababu alikosa macho, koleo na mkono. Kimelea nacho hakina macho, lakini kina koleo na mkono. Hapo ndipo mtu aonapo jinsi kiolezo kilivyo fimbo ya kipofu: si aibu kuishika, maana bila ya fimbo asingetoka nyumbani, lakini asidhani kwamba kila aendaye huenda kwa fimbo.

Na katika mkufu huo pana udhaifu. Baadhi ya dawa wapewazo ng'ombe kwa nagana, kama homidiumu na isometamidiumu, hujipenyeza katika DNA na huusumbua utaratibu wa pete hizi. Kimelea kisichoweza kunakili pete zake hakina urithi wa kumwachia mtoto. Lakini hata hapa ukweli haukubali kurahisishwa. Yuko tripanosoma mwingine, aletaye ugonjwa wa sura kwa ngamia, kaskazini mwa Kenya na kwingineko, ambaye amepoteza pete zake kubwa, na pengine zote. Yeye hakufa. Huishi katika damu ya ngamia, huchukuliwa na vinywa vya nzi wengine waumao, na dawa zinazolenga pete hazimpati kama zimpatavyo nduguye. Alichopoteza ni njia ya kurudi katika mwili wa mbung'o. Ameuvua mkufu, ameponyoka, na amefungiwa mlango mmoja milele.

Mfugaji anayemchoma ng'ombe wake sindano ya nagana hana habari za Wasserman aliyekata mkufu wake ili aaminiwe, wala za shaba iliyotolewa kwa sumu. Hana haja nazo siku hiyo. Haja yake ni ng'ombe asimame. Walakini sindano iliyo mkononi mwake imeingia katika swali lile lile ambalo wengine waliliuliza kwa ajili ya uzuri wake tu: pete zisizoungana huzuiwa na nini zisiachane, nani alizipitisha, na ni nani awezaye kuzifungua. Dawa za zamani zinazidi kushindwa na vimelea vilivyozizoea, na atakayetafuta dawa mpya hana budi kujua namna pete hizo zinavyofungwa na kufunguliwa. Elimu iliyoanza kwa kutikisa kapu gizani imefika mpaka zizini, na huko hapana aulizaye tena kama inafaa.